Bugali wa Matanga Kule Nizi

Baba alipochaguliwa kuwa depite, mubunge wa provinsi, kartye yetu ya Ngezi, mutaa wa Bunia, yote ilicheza. Alikuwa muuza ng'ombe mwenye maneno matamu, na kampeni yake ilikuwa hii tu: vita imekwisha, tushikane tena mikono. Watu walilia kumusikia. Hata mimi nililia, mujinga mimi!

Mama ni mutu wa Nizi, wa upande tuliopigana nao. Tangu vita alikuwa hajakanyaga kwao. Basi kaka yake mukubwa akafa, na jamaa wakatuma neno: mukuje ku matanga, mukuje na depite. Mama alilia, halafu nikamusikia jikoni anaimba. Wakitupokea vizuri, atakuwa amerudishiwa mama yake na dada zake.

Kule kwao, watu waliogombana hawaombani musamaha kwa mudomo. Wanakula sahani moja, basi, imekwisha. Aliyekuja ndiye anaanza kumega. Asipokula, ni kama amesema: ninyi ni watu wa sumu.

Baba alijua hiyo desturi. Si alioa kule! Lakini udepite ulikuwa umemutia woga. Hata nyumbani alitaka siye tuonje chakula chake kwanza. Tate, mama yake mama, akaleta bugali na sombe, majani ya muhogo, yeye mwenyewe, akapiga magoti kwa shida. Baba akatazama sahani. Akatabasamu lile tabasamu la mu mabango ya kampeni, akaisukuma kwa polisi wa kumulinda: "Onja kwanza."

Haki ya Mungu, hata waliokuwa wanalia waligeuka kumutazama.

Tate akaiondoa sahani polisi akiwa amekwisha kunyoosha mukono. "Mukwe, weye iko na kazi mingi," akasema polepole. "Rudia Bunia." Baba akafikiri ni heshima. Akasimama, akatoa hotuba ya amani. Hotuba! Nilitamani ardhi inimeze.

Akaendelea kupanda cheo. Akawa waziri wa provinsi, akawa anaitwa mu semineri kufundisha wengine namna ya kukaa pamoja. Nilimuchukia, sifichi.

Tate akafa, hatukuambiwa. Habari tuliipata sokoni kwa muuza makala ya kupikia, maziko yakiwa yamekwisha kupita. Baba akakamata simu yake: "Nitaongea na bachefu wa Nizi, hii mambo itatengenezeka."

Mama hakumugeukia. Aliniuliza mimi, kama vile nilikuwa kule: "Walimuvalisha kikwembe gani?"