Kiraka cha Risasi

Saa mbili asubuhi. Fundi sufuria amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake cha mabati, ameinua kikaango cheusi usawa wa jua na kukikagua kwa jicho moja. Mteja, mama wa makamo, anasubiri hukumu.

"Hiki umekisugua kwa waya wa chuma," anasema fundi.

"Si kilikuwa kimeungua!"

"Na lile gamba la kuzuia chakula kugandisha, lililobanduka, limekwenda wapi? Mmelila na mayai. Mama, hapa sina la kuziba. Nunua kingine, ukioshe kwa sifongo, na usikiache motoni kikiwa kitupu."

Mteja anasonya, kisha anacheka. "Fundi gani wewe unafukuza kazi?"

Swali hilo ameulizwa mno kwa miaka miwili hii. Zamani hakuwa akimrudisha mtu. Mtaa mzima humwita Kiraka, jina alilorithi kwa marehemu baba yake pamoja na nyundo, tupa na hicho kigoda. Ana miaka sitini na mitatu, na arobaini na mitano kati ya hiyo ameimaliza akiziba matundu.

"Zile siku, jamani!" anasema, na uso unamchangamka. "Sufuria zilikuwa za shaba, nzito kwelikweli. Ukiiangusha, sakafu ndiyo inaomba radhi. Mtu anaolewa nayo, anazeeka nayo. Baba anaziba, Mama anazipanga kichwani anazirudisha nyumba kwa nyumba. Jioni tunajua nani kapika nini mtaa mzima."

Dawa ya tundu ilikuwa risasi, ule waya laini wa kijivu unaoyeyuka kwa moto kidogo tu. Ukishayeyuka unajaza tundu, unapigwa tupa, kazi imekwisha. Sasa mikono yote miwili ikiwa na shughuli, waya unakaa wapi? Mdomoni. Baba aliubana kwa meno, na mwana akaubana kwa meno, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mpaka alipokuja muuguzi mmoja na birika lake. Hata salamu hakutoa.

"Toa hicho kitu mdomoni!" alimfokea. "Risasi ya bunduki unaikimbia, hii unaitafuna?"

Fundi alicheka, tena alicheka peke yake. Wiki hiyohiyo alipimwa damu, na majibu yakamkata maini. Daktari alimweleza kwamba risasi hujipenyeza hata kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama nyanya na ndimu, na kikilala ndani ya sufuria ndiyo mbaya zaidi. Alirudi kibandani akauondoa waya wote. Siku hizi hutumia vipande vya alumini anavyovipigilia kwa ribiti, vile vijimsumari vya kugonga pande zote mbili, na sufuria isiyofaa anasema haifai. Kutoka sufuria kumi kwa siku, amebaki na nne.

Lakini kuna sufuria moja imemshinda. Iko jikoni kwa mama yake.

Mama ana miaka themanini na minne. Mgongo umepinda, ulimi uko wima. Mwanawe amekwisha kumletea sufuria mpya tatu: moja ameiwekea vitunguu, ya pili anaogea, ya tatu amempa jirani. Mchana huu mchuzi wa nyanya unatokota kwenye ileile ya shaba, na ubavuni mwake kiraka cha kijivu kinaonekana wazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kula, au umekuja kuisema sufuria ya mume wangu?"

"Nimekuja kuisema."

"Basi rudi ulikotoka," anasema, huku anamtolea sahani. Kisha anakigusa kiraka kwa ncha ya mwiko. "Baba yako alikaa na hiki kutwa nzima. Mikono ilishaanza kumtetemeka. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Leo unaniambia ni sumu! Unamvunjia heshima baba yako kaburini."

Fundi anapokea sahani. Ile mikono anaikumbuka vizuri. Hajui kama ulikuwa uzee au risasi, kwa kuwa hakuna aliyempima, na jambo hilo linamuuma hadi leo. Miaka miwili yote amemsimulia mama habari za sufuria, habari za damu yake amezificha. Leo anazitoa.

"Mama, hata mimi nimepimwa. Imo mwilini mwangu."

Mwiko unasimama. "Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili unaisema sufuria, mwili wako huusemi!"

"Sikutaka kukutia hofu."

"Na sasa?"

"Inashuka, pole pole. Napimwa kila baada ya miezi mitatu."

Mama anazima jiko. Anashika sufuria kwa kitambaa, anatoka nayo nje, anaumwaga mchuzi wote kwenye shimo la taka. Halafu analia, tena kwa sauti, na fundi aliyemfuata anashindwa kujizuia naye.

"Kesho unanipeleka na mimi," anasema mama akishatulia. "Na zile nyumba nyingine?"

"Nyumba zipi?"

"Nilizokuwa nazipelekea sufuria. Unadhani nimezisahau?" Anaanza kuhesabu kwa vidole: mshona magodoro, mkunga wa kona ya pili, mwalimu mwenye pacha, mjane wa seremala. Vidole vinaisha, anavirudia. Anafika nyumba ishirini na tatu.

Fundi anainamisha kichwa. Hizo ni nyumba zilizolisifu jina la baba yake maisha yote.

"Tutawaambia nini, Mama? Kwamba baba aliwalisha sumu?"

Mama anafuta macho.

"Tutawaambia mzee wetu hakujua," anasema. "Angejua, angekuja mwenyewe."