Mtahiniwa wa Dawati la Nyuma

Asubuhi ya mtihani wetu wa kwanza wa kidato cha nne nilimwona mama yangu akiingia getini, na kitu cha kwanza nilichofikiria ni chapati. Nilijua ananiletea chapati mbele ya watahiniwa wote. Nikajificha nyuma ya rafiki yangu ambaye ni mnene kuliko mimi, Mungu ambariki.

Niseme kwanza mama ni nani, maana hapa mjini karibu hakuna anayemjua. Wanamjua tu kama mke wa baba. Baba alikuwa ameshinda ubunge wiki chache tu nyuma, katika uchaguzi ule wa vyama vingi uliotukausha sauti Mwanza nzima, na tangu matokeo yatangazwe mama akawa Mama Mheshimiwa, hata kwa muuza nyanya wa Mabatini ambaye zamani alimwita shoga. Hata mimi nilimwita hivyo nikitaka kitu.

Mkuu wa shule alipomwona, alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Tumbo lilimfikia mama kabla ya mwenyewe.

"Karibu sana, Mama Mheshimiwa. Ungetuarifu tukajiandaa."

Akaagiza soda, akaagiza kitabu cha wageni, kisha akatugeukia sisi tuliopanga mstari nje ya ukumbi. "Vijana, mama yetu amekuja kuwatia moyo. Mpigieni makofi."

Tukapiga. Mimi nilipiga polepole, kama niko msibani.

Mama alisubiri makofi yaishe. "Nashukuru, mwalimu, lakini mimi ni mtahiniwa."

Mkuu alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Mheshimiwa bwana, ana utani huyu."

Mama hakucheka. Alitoa kwenye mfuko wa nailoni kalamu mbili, rula na barua ya usajili. Msimamizi wa mtihani alikuwa mwalimu mgeni aliyeletwa kutoka Musoma, na habari za mheshimiwa wetu hakuwa nazo. Aliipokea barua, akapitisha kidole kwenye orodha, akasoma kwa sauti jina la mama la ubatizo, kisha jina la babu mzaa mama, mvuvi wa Ukara. La baba halikuwemo kabisa. Nilijisikia kama nimeambiwa niliokotwa.

"Nipo," mama akasema.

Mkuu, chupa ya soda mkononi, alijaribu tena. "Basi tukuwekee meza ofisini kwangu, mama. Kuna feni."

"Nitakaa penye namba yangu, mwalimu."

Akaenda kukaa nyuma kabisa, kando ya dirisha lisilo na kioo. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Mama yako amerudia darasa?" Mimi ambaye darasa zima hunitegemea kwa majibu ya utani, niliinama nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Lilikuwa somo la Uraia. Swali la pili lilitaka kazi za mbunge. Niliandika mistari minne nikakwama. Nyuma yangu nikamsikia mama akiomba karatasi ya nyongeza.

Tuliporudi kwa miguu ndipo aliponieleza. Aliacha shule kidato cha tatu alipoolewa. Ile kwaya aliyokuwa akiiendea Mirongo kila jioni kwa miaka miwili haikuwa kwaya, yalikuwa masomo. Na mimi ninayejiona mjanja wa nyumba ile sikuwahi kujiuliza ni kwaya gani isiyoimba hata Krismasi.

Baba alikuwa sebuleni anatusubiri. Habari zilishamfikia.

"Keshokutwa tunapanda treni," alimwambia mama. "Nakwenda kuapishwa. Wake wa wenzangu wote watakuwepo. Wewe utakuwa wapi?"

"Keshokutwa nina Hisabati, baba watoto."

"Mtihani upo kila mwaka."

"Na mimi nimeuahirisha kila mwaka."

Hapo baba akauliza kilichokuwa kinamuuma hasa. "Kwa nini hukuandika jina langu?"

"Nikifeli, nifeli mimi. Nikifaulu, asitokee mtu wa kusema aliyefaulu ni mbunge."

Nilingojea radi. Baba yangu ni mtu wa kuhutubia hata akiomba chumvi. Lakini alikaa. Alilivuta daftari la mama lililokuwa mezani, akapekua ukurasa mmoja mmoja, hesabu za miaka miwili zilizofanywa chini ya paa lake yeye hajui. Sura yake ilikuwa kama yangu ya asubuhi, jina la mama liliposomwa. Alipolifunga, alilirudisha mezani pale pale alipolikuta.

Asubuhi ya safari alitoka na sanduku moja, la kwake. Mlangoni akasimama, akamwambia mama bila kumtazama, "Anza na maswali mepesi." Akaondoka.

Getini pa shule siku hiyo walikuwa wameweka askari wa kulinda mtihani, kijana mgeni mwenye hasira za kuamshwa mapema. Mama alipotaka kupita, alimnyooshea kirungu.

"Wewe mama, unakwenda wapi? Rudi kwenye mstari kama wenzako. Na huo mfuko ufungue."

Hakuna mtu aliyekuwa amesema hivyo na mama tangu uchaguzi. Nilifungua mdomo nimweleze anaongea na nani. Mama alinifinya ubavuni mpaka machozi yakanilengalenga, akarudi kwenye mstari, akafungua mfuko.