Siku Tulipousawazisha Mfenesi wa Mwalimu

Wiki iliyopita nilikuwa mjini, mtaa wa Mirongo, kununua bawaba za kabati. Mwenye duka alikuwa ananifungia skrubu kwenye gazeti nilipousikia mlio wa ruta kutoka karakana ya nyuma. Ruta labda unaijua: ile mashine ndogo ya seremala inayoshikwa kwa mikono miwili, yenye kisu kinachozunguka kwa kasi na kulia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Pamoja na mlio ikaja harufu ya mbao za mfenesi, tamu kidogo, chachu kidogo. Nikasimama pale pale. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ila kwa dakika moja nina miaka kumi na mmoja, anisubiri. Akacheka, akidhani natania.

Sikuwa natania, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi uani kwetu Kiseke, siku ambazo nyumba bado zilikuwa za kuhesabika na katikati yake yalijaa mawe makubwa ambayo sisi watoto tulianikia nguo na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Ukipanda jiwe la nyuma ya choo chetu uliliona ziwa, mstari wa bluu chini kabisa, na upepo ukigeuka ulikuletea harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Baba alikuwa baharia wa meli ya mizigo, wiki mbili ziwani, siku tatu nyumbani. Mama alikuwa seremala.

Ndiyo, Mama. Alijifunza kwa baba yake, babu yangu, aliyekuwa anaunda mitumbwi Ukerewe na ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumrithisha tezo yake. Uani kwetu palikuwa na kibanda cha mabati, meza nzito ya kazi, na Mama mwenyewe ndani ya shati kuukuu la Baba, khanga kiunoni, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alitengeneza viti, vitanda na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Watu walikuja, lakini kazi kubwa walizipeleka kwa mafundi wa barabarani. Walikuwa wakisema bila kuficha kwamba mama yule ana mkono mzuri kwa vitu vidogo.

Sasa, mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimepita zamani, na mwalimu wetu wa hesabu akaja na mkokoteni. Juu yake amelaza ubao mmoja wa mfenesi, mrefu kuliko kitanda na mpana kuliko mlango, magome bado yapo pembeni. Tulikuwa tunamwogopa sana Mwalimu. Darasani hakupandisha sauti. Alikutazama tu juu ya miwani mpaka jibu likutoke lenyewe. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ubao.

Mfenesi ule ulipandwa na mkewe mwaka walipohamia Kiseke. Mke alifariki, na baadaye mti nao ukaangushwa na upepo. Mwalimu akawaita wapasua mbao, akaupata ubao mmoja mzima usio na ufa, akauweka stoo miaka miwili ukauke. Alikuwa na watoto saba waliosambaa kila mkoa, na tangu msiba wa mama yao hawajawahi kukaa pamoja. Krismasi ile walikuwa wameahidi kuja wote. Alitaka wale kwenye meza moja, juu ya mti wa mama yao.

Mama akauliza kwa nini hakuupeleka mjini kwenye mashine kubwa ya kuranda. Mwalimu akasema ameupeleka. Haukuingia kwenye mdomo wa mashine, na wakamshauri waupasue katikati.

"Sitaki upasuliwe," alisema. "Nimezunguka kwa mafundi wote, mama. Wewe ndiye wa mwisho."

Nakumbuka Mama alivyoumeza ule mwisho wa sentensi. Kisha akasema auache.

Ubao wenyewe ulikuwa mkorofi. Katika kukauka ulikuwa umejipinda kama jani, pembe mbili zinatazama juu na mbili chini. Ukiubonyeza huku unainuka kule. Mama akaanza na randa ya mkono. Siku ya kwanza alitoka jasho mpaka shati likashikana na mgongo. Siku ya pili nyuzi za mti, ambazo zilikwenda kila upande, zikaanza kung'oka vipande vipande. Siku ya tatu bega lake la kulia lilikataa kuinuka, nikamsuka nywele mimi badala ya yeye kunisuka. Tulikuwa na ruta, Baba aliinunua bandarini Kemondo kwa baharia mwenzake, lakini Mama aliitumia kuchonga nakshi tu. Ukiiendesha huru juu ya ubao uliopinda, nayo inafuata kupinda kule kule.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mchana wa siku ya nne nilitumwa kuazima jiko kwa jirani aliyekuwa anajenga, nikamkuta fundi mwashi anamwaga sakafu. Alikuwa mtu wa Ukerewe kama babu yangu, mcheshi, na rula kwake ilikuwa "lula". Alikuwa amelaza mbao mbili nyembamba, moja huku na moja kule, amezipima kwa pima maji mpaka zikawa sawa kabisa. Katikati ndipo kuna zege, limejaa vilima na mashimo. Kisha akaweka rula yake ndefu juu ya zile mbao mbili na kuivuta taratibu kuja kwake. Rula haikujali vilima. Ilifuata mbao, na zege likabaki limelala kama maji ya beseni.

Nilisahau jiko. Nilikimbia juu ya mawe, kandambili moja ikabaki njiani, nikamkuta Mama amekaa juu ya gogo ameshika bega. Nikamwambia, kwa pumzi iliyokatika, kwamba mashine isitembee juu ya ubao. Itembee juu ya reli, kama lula ya fundi.

Mama alinitazama muda mrefu. Akaitoa penseli kwenye nywele, akachukua kipande cha plaiwudi, akaanza kuchora.

Sijui kama umewahi kutengeneza kitu na mtu mzima ambaye naye hajui kama kitafanya kazi. Ni furaha ya peke yake. Tulikuwa sawa, mimi na Mama, hakuna aliyemzidi mwenzake. Tulilaza ubao wa Mwalimu juu ya meza na kuusimamisha kwa kabari chini ya pembe zilizoinuka, usicheze. Pembeni tukapigilia mbao mbili zilizonyooka, hizo ndizo reli zetu, na pima maji tukaiazima kwa fundi mwashi. Kisha tukaunda kigari: sanduku refu la plaiwudi lisilo na kifuniko, linalovuka ubao kutoka reli hii hadi ile, na chini yake mwanya wa kupitisha kisu. Ruta inakaa ndani ya sanduku na kuteleza kwenda na kurudi. Ukimaliza mstari mmoja unasogeza sanduku kidogo, unaanza mwingine. Tulipaka reli mshumaa ili kigari kiteleze. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa anachambua mchele kibarazani, akauliza ni mtego wa nini ule.

Siku ya tano, mara ya kwanza Mama alipoiwasha ruta, maranda ya njano yaliruka mpaka kwenye mchele wa Bibi. Mimi nilishika mwisho wa kigari, nikisogeza kila Mama alipotikisa kichwa. Mlio ulitikisa meno. Tulikula ubao ule kwa unene wa jalada la daftari, mstari kwa mstari, na ilipotimia saa kumi tulikuwa tumefika mwisho, njano tupu kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Mama akazima. Akaweka rula ndefu juu ya ubao, akainama kutazama.

Katikati mwanga ulipita chini ya rula. Kigari kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa mashine, na kisu kikafuata. Tulikuwa tumechonga ungo.

Mama alipapasa lile shimo kwa kiganja, akaenda kunawa, akakaa jikoni. Ubao ulikuwa mmoja tu duniani, na unene uliobaki ungevumilia kosa jingine moja, labda. Nikamfuata. Nikamwambia kigari kinahitaji mbavu za chuma. Akasema chuma kilichonyooka namna hiyo hatuna. Nikamwambia tunacho, nakilalia.

Kitanda changu kilikuwa cha vyuma vya pembe, vile vilivyokunjwa katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Tulikifungua dakika ile ile, Mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima, na nikalala kwenye godoro chini hadi mwaka mpya nikijiona mtu muhimu mno.

Vyuma viwili virefu vya kitanda tulivikaza kwa skrubu kwenye mbavu za kigari, na Mama akakikanyaga kwa mguu mmoja, kisha miwili. Hakikutikisika. Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuja na baiskeli yake. Nilijua angeuona ungo, na nilitamani kujificha. Aliuona. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Halafu akatia mkono mfukoni akatoa chaki.

"Chora mistari ubao mzima," aliniambia. "Palipobaki chaki, mashine haijafika. Ikiisha yote, mmemaliza."

Nilichora. Mistari myeupe ya kukatana, kama wavu wa sato, kuanzia gome hadi gome, na Mwalimu amesimama nyuma yangu kama siku ya mtihani. Mama akawasha.

Laiti ungeona. Kisu kilipita na chaki ikapotea kwenye vilima kwanza, ikabaki kwenye lile shimo la katikati, kama ziwa jeupe. Tukashusha kisu kidogo, tukarudi mwanzo. Ziwa likapungua. Umeme ukakatika tukiwa katikati ya mstari, tukakaa chini ya kibanda na Mwalimu, Bibi akatuletea michembe na chai. Wote watatu tulikuwa tunautazama ubao. Umeme uliporudi niliisikia redio ya jirani kabla ya kitu kingine, nikawa nimeshaufikia mwisho wangu wa kigari kabla Mama hajainuka. Ziwa likawa bwawa, bwawa likawa dimbwi, dimbwi likawa alama moja ya chaki ndefu kama kidole. Mama akapitisha kisu juu yake polepole, kama anayemnyoa mtoto mchanga.

Alipozima, kimya kilikuwa kikubwa mpaka tukawasikia kunguru. Mama akaweka rula kwa urefu, kwa upana, kwa pembe. Hakuna mwanga. Mwalimu aliomba aone mwenyewe. Mimi nikakumbuka nina goroli mfukoni, nikaiweka katikati ya ubao na kuiachia.

Goroli ilikaa.

Tuliitazama wote kwa muda. Mwalimu akaisukuma kwa ncha ya kidole, ikaenda upana wa kiganja, ikasimama. Akaweka mikono yote miwili juu ya mti wa mkewe, akainamisha kichwa.

"Fundi," alimwambia Mama, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "usiache rangi ikafunika hii njano."

Mama hakuifunika. Tuliutia ubao miguu ukawa meza, tukapaka vanishi isiyo na rangi, na siku hiyo hiyo wale wadudu wa ziwani wakapanda kutoka majini kama moshi, tukakimbilia chandarua, mimi na Bibi na Mama tumeshika ncha zake juu ya meza mpaka mikono ikafa ganzi, ili wasigandie kwenye vanishi. Waliganda wawili. Wapo hadi leo, karibu na pembe ya kushoto.

Krismasi tulialikwa. Walikuja wote saba, na wake na waume na watoto. Binti mkubwa wa Mwalimu, mwanamke mnene mwenye sauti ya mamlaka, alikuwa anapanga sahani za pilau na kuwaelekeza wengine, mara akanyamaza. Kidole chake kilikuwa juu ya doa jeusi la msumari wa zamani, doa ambalo Mama alikuwa amesikitika kwamba halikutoka.

"Hapa ndipo Mama alipokuwa anatundika redio," alisema.

Wenzake wakasogea mmoja mmoja kuligusa. Pilau ikapoa, na hakuna aliyelalamika.

Baada ya hapo mafundi wa barabarani walikuja mmoja mmoja kukiona kigari, kisha kukiazima. Kiliazimwa mpaka hatukujua tena kiko kwa nani, vyuma vya kitanda changu vikiwa ndani yake. Mwalimu tulimzika, Bibi akafuata. Mawe ya Kiseke yamepasuliwa kuwa misingi ya nyumba, na uani kwetu pana ukuta na geti la watu wengine. Siku hizi ziwa hulioni mpaka upande ghorofani kwa mtu.

Mama yupo. Anaishi na kaka yangu Musoma, na bega lile halijapona sawasawa. Nilipotoka Mirongo nilimpigia simu, nikamwambia nimesikia ruta. Tuliongea sana. Mwishoni akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mchana ule nilipomkuta amekaa kwenye gogo alikuwa ameshamwita mwenye mkokoteni, aje jioni aurudishe ubao kwa Mwalimu. Alikuwa anatafuta tu maneno ya kumwambia.

"Ukaja unahema, kandambili moja," alisema. "Nikaona nikusikilize kwanza."

Nilibaki nimesimama kando ya barabara, simu sikioni. Kwa miaka yote hii nilikumbuka uso wake ule wa pale kwenye gogo kama wa mtu anayewaza namna ya kuanza kazi.