Ushahidi wa Waliopona

Niambie ukweli: ungerudi, kwa hiari yako na kwa pesa yako, kula chakula ulichokula siku zile ulipolazwa hospitalini? Usijibu haraka. Shangazi yangu alikuwa tayari kubomoa nyumba yake kwa kuamini kwamba jibu lako ni ndiyo.

Ni dada mkubwa wa baba. Aliingia katika jiko la hospitali akiwa msichana wa kumenya viazi, akatoka humo na miwani na goti bovu. Jiko lilikuwa nyuma ya wodi ya wanaume, chumba kirefu chenye dirisha la wavu na sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani. Ukutani palibandikwa maagizo ya daktari mmoja wa zamani: chumvi kidogo, mafuta kidogo, pilipili hapana, kila kitu kiive mpaka kilainike. Daktari alifariki, karatasi ikachanika, shangazi akaendelea kuyatii. Hata nyumbani kwake alipika vivyo hivyo, kwa sababu mkono uliozoea njia moja hauulizi tena njia.

Alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemwajiri kwa ajili yake. Akishamaliza kugawa chakula, badala ya kupumzisha goti, alivua aproni akapita kitanda kwa kitanda kutazama nani hajala. Asiyekula, alikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda chake.

"Kijiko kimoja tu, baba. Hiki changu. Haya, na hiki cha mama yako. Utamnyima mama yako?"

Manesi walimwambia mara nyingi kwamba hiyo si kazi yake. Aliwajibu kwamba sahani ikirudi jikoni imejaa, aliyeshindwa ni mpishi, si mgonjwa.

Siku alipostaafu walimpa saa ya ukutani na makofi. Hapa naandika kwa hasira wala sitaificha. Mwanamke amewarudisha watu duniani kijiko kwa kijiko, halafu anapewa saa, kana kwamba alichokosa maisha yake yote ni kujua muda! Mwenyewe hakukasirika. Aliitundika sebuleni, akakaa chini yake, akaanza kuzeeka mbele ya macho yetu. Mikono ilikosa kazi. Alipika sufuria nzima, akala vijiko viwili, kilichobaki akawapa kuku wa jirani, ambao nao hawakukigombania.

Hapo ndipo wazo la mgahawa lilipozaliwa, na sote tulilifurahia, kwa sababu lilimwinua kitini.

Nyumba yake inatazama barabara. Mbele ina sebule na chumba cha kulala, na katikati yake ukuta ambao marehemu mumewe aliujenga mwenyewe, tofali baada ya tofali, kila alipotoka kazini. Mpango ulikuwa kuubomoa ukuta huo ili vyumba viwili viwe ukumbi mmoja wa kulia. Shangazi angehamia stoo ya nyuma, na kiinua mgongo chake chote kingeingia kwenye meza, mabenchi na majiko. Mambo yakienda vibaya asingekuwa na akiba, wala chumba cha kulala. Fundi mwashi alikwisha kuitwa, aje Jumatatu asubuhi.

Aliyetabiri kwamba mgahawa utafanikiwa alikuwa mfamasia mstaafu wa hospitali ile ile, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopimwa. Mtaani tulimwita Mzee wa Vidonge.

"Biashara hii haianguki," alisema. "Na mimi sisemi kwa kubahatisha. Nina ushahidi."

Ushahidi wake ulikuwa huu. Alikuwa akifuatana na shangazi kwenda sokoni, na kila walipopita watu walimsimamisha. Mwuza mkaa, mwalimu, konda, mama mwenye mtoto mgongoni. "Mama, uji wako ulinifufua!" "Mama, ukifungua mahali pako, mimi nahamia hapo na godoro." Mzee wa Vidonge alikuwa akiwahesabu watu hao kimya kimya, kama anavyohesabu vidonge, na hesabu yake ilimlewesha.

Baba aliniita pembeni. Mimi ndiye niliyesoma takwimu chuoni.

"Tumekulipia ada ujue mambo kama haya," alisema. "Njoo Jumapili, shangazi yako atawaalika hao watu wa sokoni waonje. Tazama, kisha useme."

"Wewe mwenyewe unaonaje, baba?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Hilo si jibu."

"Ndilo jibu lenyewe." Akatazama huku na huku, halafu akashusha sauti. "Dada yangu anapika chakula cha heshima. Unakila kwa heshima."

Jumapili sebule ilijaa. Shangazi alivaa kitambaa cheupe kichwani kama siku za kazi, akapakua supu ya viazi na karoti, wali laini na kuku wa kuchemsha. Wageni walikuwa watu waliopona, na watu waliopona wana kelele.

"Mimi walikwisha kunifunika shuka mpaka usoni," alisema mama mmoja mwuza mitumba. "Mama alipoingia na bakuli, nikajifunua mwenyewe!"

"Acha uongo," akadakia jirani yake wa benchi. "Ulifunikwa kwa sababu ya mbu."

"Mbu gani mchana?"

"Basi kwa sababu ya domo lako, wenzako walitaka kulala."

Walicheka, shangazi naye akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Mzee wa Vidonge alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini mimi nilikuwa nikitazama vijiko. Vilikwenda polepole. Kila mtu alimaliza kwa adabu, na kila alipoletewa nyongeza aliweka kiganja juu ya sahani. "Nimeshiba, mama. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie." Katika nyumba nzima hakuna aliyeomba tena.

Karibu na mlango alikaa dereva wa lori la mchanga, mtu mpana, kimya, kofia yake gotini. Hakuwa amegusa kitu. Shangazi alipomwona, miguu yake ilimpeleka pale yenyewe. Akainama, akachukua kijiko.

"Kijiko kimoja tu, baba."

Yule dereva alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Vicheko vikakatika kimoja kimoja mpaka tukasikia saa ukutani.

"Nisamehe, mama," alisema. "Ni hii harufu. Jioni ile ya mwisho mke wangu alikula mkononi mwako, supu hii hii. Nimekuja kukusalimia. Sikujua kama harufu ingekuwa ile ile. Siwezi kula, mama."

Shangazi alirudisha kijiko sahanini bila sauti.

"Nilimkumbuka ulipoingia," alimwambia. "Alikuwa anaanza na karoti, anaacha viazi."

"Ndiye."

Akamshika mkono, wakatoka pamoja hadi barabarani. Wageni wengine hawakukaa sana baada ya hapo. Waliaga kwa sauti za chini, kama watu wanaoondoka saa za kutazama wagonjwa zinapokwisha.

Tulibaki wanne: shangazi, baba, Mzee wa Vidonge na mimi.

"Mtu mmoja hafuti hesabu," alisema Mzee wa Vidonge. "Wengine wote wamekula na wamesifu."

"Mzee wangu, kwa ruhusa yako," nikasema. "Dawa mpya ikiletwa, mnawauliza akina nani kama inafaa?"

"Wagonjwa waliopewa."

"Wote, au waliopona tu?"

Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati.

"Hao unaowahesabu njiani ni waliopona," niliendelea. "Waliokufa hawapiti sokoni. Aliyepona na hakukipenda chakula anavuka barabara, humwoni. Halafu mtu aliyetoka kwenye homa, njaa inamrudia kama mafuriko. Mpe hata gome la mti, atakuambia ni tamu."

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa napika magome," alisema shangazi.

Baba alikohoa.

"Sikusema hivyo, shangazi."

"Umesema, masikio yangu hayajastaafu. Endelea, msomi. Umefika kwenye magome."

"Nasema wanakushukuru. Na wana haki ya kukushukuru, tena mji mzima ungepaswa kusimama ukipita. Lakini shukrani si njaa. Mtu anaweza kukupenda mpaka kaburini na asinunue kwako sahani moja. Wakikuona wewe wanakumbuka kupona. Wakionja chakula wanakumbuka kuugua. Umemwona dereva. Yeye tu ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusema."

Sikuwa nimewahi kumsemesha mtu mzima kwa maneno mengi namna ile. Mzee wa Vidonge hakubisha. Alikunja leso yake mara mbili, akasema polepole, "Katika dawa, kijana huyu angekuwa na haki," na nadhani kusema hivyo kulimuumiza, kwa sababu na yeye pia alikuwa mpweke na ukumbi ule angekuwa akikaa humo kila siku.

Shangazi alitazama ukuta. Kisha akanigeukia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za njiani:

"Na wewe, mwanangu? Chakula changu wewe unakionaje?"

Mimi ndiye niliyetoka kuwahukumu watu wote waliokula kwa adabu. Niliona mikono yake juu ya meza, ngozi ya vidole ilivyokunjamana kwa mvuke.

"Kizuri, shangazi," nikasema.

Baba akainua macho darini.

"Basi," alisema shangazi, akaanza kukusanya sahani. "Fundi anakuja kesho."

Kesho yake asubuhi niliwahi kufika, nikitumaini kupata neno ambalo jana lilinikimbia. Nilimkuta fundi ameshaingia. Alikuwa mgeni mjini, mtu wa makamo mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Hakuwa akimjua shangazi, hakuwahi kulazwa katika hospitali ile, na kwake ukuta ule ulikuwa ukuta tu. Alikwisha kuuegemeza mti wa kushikilia paa, nyundo kubwa ikiwa miguuni.

"Weka chini," shangazi alimwambia. "Kwangu hafanyi mtu kazi na tumbo tupu."

Alimletea kilichobaki jana, kimepashwa moto vizuri, kinatoa moshi. Fundi alinawa, akakaa, akala kama wanavyokula watu wa kazi, mabega mbele. Vijiko vitatu, vinne. Halafu akapunguza mwendo. Akatazama mlango wa chumba cha kulala uliokuwa umefungwa, akashusha sauti kabisa.

"Pole sana, mama. Nani mgonjwa humu ndani?"

"Mgonjwa?"

"Kama ni wa kulala, niambie tu. Nitapiga nyundo taratibu, au tumhamishie kwanza kwa jirani. Kelele za kubomoa si nzuri kwa mgonjwa."

Shangazi alikuwa amesimama na birika mkononi. "Nani amekuambia kuna mgonjwa?"

"Si chakula hiki, mama? Marehemu mama yangu tulimpikia hivi hivi mwaka wake wa mwisho. Bila chumvi, bila kitu. Na sisi tukala naye kile kile, asijione yuko peke yake." Akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli. "Ni ubinadamu mkubwa, mama. Si kila nyumba inaweza."

Shangazi aliweka birika chini. Akavuta kiti, akakaa mbele ya fundi, akachukua kijiko cha akiba, akakichovya katika supu ile na kukiweka mdomoni. Alikaa nacho muda mrefu, macho amefumba. Kisha akanigeukia. Sikuweza kumtazama.

"Humu ndani hakuna mgonjwa," alimwambia fundi. "Niko mimi tu. Niambie chakula hiki kinataka nini."

Fundi alishtuka, akaelewa alichokuwa amesema, akaanza kuinuka. "Mama, nisamehe, mimi ni mtu wa saruji..."

"Una ulimi. Kaa. Kinataka nini?"

Akanitazama mimi, nikatazama sakafu. "Chumvi, mama," alisema mwishowe, kwa woga wa mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Na kitunguu. Kikaangwe mpaka kibadilike rangi. Pilipili iwe pembeni, kwa anayetaka."

"Na ukuta, mama?" aliuliza, shangazi alipoelekea jikoni.

"Ukuta hauli. Uache usimame."

Tulisikia kisu juu ya ubao, kisha mafuta yakilia katika sufuria. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuja mpaka sebuleni, na shangazi akakohoa, akapiga chafya, akafungua dirisha kwa kiwiko. Alirudi na bakuli moja dogo. Hakulipeleka mezani. Alichota kijiko, akakikinga kwa kiganja, akamsogezea fundi mdomoni, kama alivyofanya kwenye vitanda vingi. Lakini safari hii hakumbembeleza. Alisubiri.

Fundi alimeza. Alimtazama mwanamke yule usoni, akaona jinsi alivyokuwa akingoja.

"Bado, mama," alisema.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akachukua bakuli, akarudi jikoni.