Bosi wa Mama Panya

Mama yangu analisha panya. Si utani. Ni panya weupe wa maabara, vizimba vimejaa chumba kizima, katika kituo cha shirika la kimataifa la utafiti. Kazini wote humwita Mama Panya.

Pale mapokezi kuna mchoro mkubwa wa shirika. Juu kabisa ni Baraza, ambamo kila nchi mwanachama ina mjumbe wake. Baraza humchagua mkurugenzi mkuu, anayekaa makao makuu, ng'ambo. Chini yake idara, chini ya idara vituo kama hiki. Mishale imenyooka hadi raha. Nilimtafuta mama mle, sikumwona.

Bibi alipovunjika nyonga, alikataa katakata kupasuliwa mpaka binti yake awepo. Mama akaenda kuomba ruhusa, nami nyuma yake, nimetoka shule.

Mkuu wa utafiti hakuinua hata macho. "Mama Panya, wewe uko chini ya idara ya huduma. Panya ndio wangu."

Mkuu wa huduma akacheka. "Mimi nina madereva na wasafishaji. Anayeshika panya ni mtu wa utafiti, mama. Nikikuruhusu wataniambia naingilia idara ya watu."

Tukapanda kwa mkuu wa kituo. Huyo alikuwa mpole, ndiyo maana alinikera zaidi. Eti idara zikivutana, makao makuu ndiyo huamua, na kamati yao inakutana mwezi ujao.

"Na mama yangu alale na mfupa uliovunjika mpaka mwezi ujao?" mama akauliza.

"Pole sana, dada yangu. Ndio utaratibu."

Utaratibu! Nchi zote zile, wanasayansi wote wale, na hakuna hata mmoja wa kusema "nenda"?

Tukashuka mpaka getini. Hapo mama akasema, "Kama sina bosi, nani wa kuninyima?" Akaelewana na mlinzi awalishe panya, tukaenda zetu hospitali.

Kesho yake, bibi akisukumwa kwenda kupasuliwa, simu zikaanza. Mkuu wa utafiti: nani kakuruhusu? Mkuu wa huduma: umetoroka kazi! Mkuu wa kituo naye hakubaki nyuma. Jana mama hakuwa na bosi hata wa dawa, leo anao watatu!

Nilitamani kuinyakua simu niwape vidonge vyao. Mama akasema tu, "Kaeni kwanza mpatane nani bosi wangu, halafu huyo mmoja anipigie."

Akazima simu, akaushika mkono wa bibi mpaka mlangoni, pale wauguzi walipomwambia basi.