Vidonge vya Mwezi wa Ramadhani

Nilitoka Ruangwa kumpokea shangazi hospitali, Nachingwea. Mumewe alimleta kwa bodaboda kutoka Mtua, siku chache baada ya Idi. Midomo yake ilikuwa ya buluu, na kucha pia.

"Maisha yangu sijapaka rangi ya mdomo," aliniambia, "leo nimepakwa bure."

Walimwekea oksijeni. Kipimo cha kidoleni hakikupanda. Daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, aliongeza, akasubiri, akaangalia tena. Kisha akamtoboa shangazi kidole, akadondosha tone la damu kwenye pamba nyeupe, na kando yake tone langu. Langu lilikuwa jekundu. La shangazi lilikuwa la kahawia, na hata lilipokaa hewani halikugeuka.

"Bibi, unatumia dawa gani?"

Shangazi alinitazama mimi kwanza.

"Za ngozi," alisema. Halafu akashusha sauti. "Za ukoma. Anajua huyu mume wangu tu. Mwezi mzima nilifunga, vile vidonge vyeupe vya kila siku sikuvinywa. Jana nimevilipa."

"Umevilipa vipi?"

"Kama tunavyolipa siku za kufunga. Ila hivi nimevimaliza vyote kwa mara moja, nisiwe na deni."

Mumewe alicheka kidogo. Daktari hakucheka. Alitueleza taratibu kwamba dawa ile ikizidi huibadili damu ikashindwa kubeba hewa, na mtungi wa oksijeni hausaidii damu ya namna hiyo. Ilihitajika dawa ya kuchoma mshipani, nayo pale ilikuwa imekwisha. Akapiga simu huku na huku mpaka ikapatikana Mtwara, ikapakiwa kwenye gari, ikaanza kuja kwa njia ya Masasi.

Tukaingoja. Shangazi aliuliza nani amewafungulia kuku. Baada ya hapo akawa anapumua tu, haraka haraka, mumewe akimpepea kwa kipande cha boksi.

Alifariki kabla ya adhuhuri. Gari liliingia alasiri, na daktari akatoka mwenyewe kulipokea.

Tulipokuwa tunamwosha kule Mtua, jirani mmoja alimshika vidole, akazitazama kucha zile za buluu.

"Huyu hakulishwa kitu?"

"Hapana, mama. Ni dawa za hospitali, alizinywa zote kwa pamoja."

"Dawa za nini?"

Nikaendelea kumimina maji.