Mpelelezi wa gambuti: movie niliyoitafsiri Gede bila kujua lugha yake

Wakuu, heshima zenu.

Nimewaona vijana mnabishana humu kuhusu movie za wapelelezi, nikacheka peke yangu. Leo nawapa yangu ya miaka ya themanini. Walioshuhudia wengine bado wako hai, nikikosea waje wanirekebishe hapa hapa.

Wakati huo nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video pale Gede.

Kwa msiojua, kanda zilikuwa zinatoka Mombasa, nyingi za karate, na nyingine hazina hata maandishi ya chini. Basi mtu anasimama kando ya TV, volume inapunguzwa, anawaeleza watu kinachosemwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Lugha siijui, na watu wanajua siijui. Walichotaka ni hadithi ikae sawa tu. Na hapo, bila kujisifu, sikuwa na mpinzani kutoka Matsangoni mpaka Malindi mjini.

Haya, najisifu.

Sasa baba mkubwa, kaka yake baba yangu, akafariki. Alishikwa na homa na haikumpa muda. Matanga yakawekwa kwetu Ganda, na siku zote za matanga baba hakugusa chakula. Analetewa sahani, anaisukuma pembeni.

Kwetu hilo si jambo dogo. Ukikataa chakula cha matanga, watu wanasema una neno na marehemu. Na baba alikuwa na mvi kichwa kizima. Sisi watu wa huku tunajua mvi zimeponza wazee wangapi wasio na hatia. Minong'ono ikaanza: kamroga kaka yake abaki na minazi.

Aliyeyashika sana maneno hayo ni Kitsao, mtoto mkubwa wa marehemu. Tulikua pamoja kama pacha, lakini sasa akaacha hata kumwamkia baba. Yeye na vijana wenzake wakawa wanapita mbele ya nyumba yetu mchana na mapanga mkononi, hawasemi kitu. Mama akaanza kufunga vyombo wahamie kwa wajomba zangu. Niliogopa, wakuu, sitaficha.

Baba yeye akakataa kujitetea. Alisema hawezi kuomba ruhusa ya kuishi kwake.

Ndipo ikaja ile kanda.

Haikuwa na jalada. Mpaka leo sijui ni ya Korea, Hong Kong au wapi. Kawaida yangu nilikuwa naitazama kanda kwanza mwenyewe asubuhi, nipange maneno. Hii niliirudia.

Mpelelezi wake ni kituko. Jua linawaka, yeye amevaa gambuti. Hana bastola. Analala kitandani kwa marehemu, ananusa masufuria, anaongea na kuku. Ngumi hata moja hakuna. Na mshukiwa mkuu ni mzee mmoja aliyekaa kimya kwenye msiba wa ndugu yake, bakuli limejaa mbele yake, halijaguswa.

Hapo nikaganda.

Nikamwambia mwenye banda hii tuioneshe Jumapili mchana. Akasema bila karate watu watamvunjia viti. Nikamwambia viti niachie mimi. Halafu nikaenda Ganda kumwomba Kitsao aje. Alikuja na genge lake, wakakaa mbele kabisa.

Mwanzo walizomea. Mmoja akauliza huyu ni askari au mwendawazimu. Nikawapa utani wa wale kuku, wakacheka, wakaanza kumpenda. Ilipofika scene ya bakuli, mimi sikutafsiri chochote. Nilinyamaza makusudi.

Kitsao ndiye aliyesema kwanza.

"Ndiye huyo. Hali chakula."

Banda zima likaitikia, ndiye, ndiye. Nikawaacha. Hata kwenye movie kijiji kizima kilikuwa upande wao, kinamrushia yule mzee mawe.

Lakini mpelelezi hakumkamata. Muda wote huo alikuwa akiwatazama wanaokula. Mwisho akamshika jamaa aliyekuwa akigawa chakula msibani, yule aliyelia kuliko wote na kuwahimiza wenzake wale. Sumu ikakutwa kwake. Hakuna aliyezomea tena, na vile viti vyote vizima.

Kisha mpelelezi anakaa chini karibu na mzee, anamuuliza kitu. Mzee anajibu kirefu. Alisema nini? Sijui. Mimi nilisema hivi:

"Tangu utotoni mimi na kaka yangu tulikula sahani moja. Leo mnaniletea sahani ya peke yangu. Nitaanzaje?"

Hayo yalikuwa maneno ya baba. Alimwambia mama jikoni nikawasikia, na hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa. Niliyasema nikimtazama Kitsao. Yeye aliwaona wale wazee wetu wawili, baba yake na baba yangu, wakila hivyo maisha yake yote, ila hasira na minong'ono vilimfumba macho. Aliinamisha kichwa, akainuka akatoka kabla kanda haijaisha.

Najua kuna mtu atasema nilidanganya umma. Aseme. Nimetafsiri movie nyingi, na hiyo ndiyo kazi yangu ninayojivunia kuliko zote.

Asubuhi yake Kitsao akaja nyumbani, peke yake, bila panga. Mkononi ana sahani moja ya sima na samaki, imefunikwa kawa. Akamwamkia baba, akaketi mkekani.

"Baba mdogo, nawa mikono tule."

Baba akanyoosha mikono, mama akammiminia maji.

Vyombo vilifunguliwa siku hiyo hiyo. Baba aliishi pale Ganda mpaka uzee ukamchukua, na kwenye matanga yake Kitsao ndiye aliyesimamia chakula.

Funzo langu ni fupi: mtu asipokula msibani, kaa karibu naye umuulize kabla hujaanza kumsema.

Na kama kuna mkuu humu anayeijua movie ya mpelelezi wa gambuti, na lugha yake anaifahamu, tafadhali aniambie yule mzee alijibu nini hasa. Nitafurahi kujua. Ila tafsiri yangu siibadilishi.